MREJESHO: Chaja ya betri ya volti 12 iliyogoma kujaza (Mtwara)

Wakuu, nimerudi na mrejesho wa ile chaja ya betri za taa za dagaa, ya transfoma na LM317 (regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti volti zinazotoka), niliyowauliza hapa kwa sababu ilikuwa inagandia volti 12.4 badala ya kufika 13.8 za kujaza betri. Ahsanteni sana, mlinisaidia kwa moyo.

Kubadilisha LM317 hakukuleta tofauti yoyote. Kilicholeta jibu ni ule ushauri wa kupima volti kabla ya regyuleta, betri ikiwa imeunganishwa. Bila betri nilipata karibu 20, nikiunganisha zinashuka hadi 13 na ushee. LM317 inahitaji volti kama 2 au 3 za ziada juu ya zile inazotoa, kwa hiyo isingefika 13.8 kamwe.

Nikapima mojamoja zile dayodi zinazogeuza umeme wa AC wa transfoma kuwa DC: moja imekatika kabisa, mguu umeliwa na kutu. Huku Mikindani hewa ya bahari haina huruma. Nikatoa zote nne za 1N4007, ambazo ni za ampia 1 tu, nikaweka 1N5408 za ampia 3. Sasa inafika 13.8 na kutulia.

Ila LM317 bado inachemka mno, hata kwa bati kubwa la kupozea, nami sipendi kuiacha usiku bila mtu. Na betri moja kati ya mbili haikupona: inajaa, ikipumzika hadi asubuhi inasoma 10.6. Fundi mmoja hapa alisema seli moja imekufa, namwamini. Nyingine imerudi baharini na inawasha taa hadi alfajiri.