Waliozunguka mashamba ya zabibu na viwanda vya familia Dodoma, tupeane uzoefu

Mkazi wa Nzuguni
Wakuu, heshima kwenu. Jana nimepita soko la Majengo nikamkuta mama ana beseni la zabibu, zile zenye ukungu mweupe juu ya ganda kama zimepakwa poda. Nikakumbuka Agosti ile nilipowazungusha shemeji zangu wawili kutoka Tanga.

Tulianza Bihawana, maana wazee wa hapa wanasema mzabibu uliletwa na mapadre wa misheni waliotaka divai ya misa. Ni barabara ile ile ya Iringa, ukisogea mbele unaingia Mpunguzi. Bango hakuna. Tuliuliza kwa muuza mkaa, akatuelekeza kwa mzee mmoja ambaye kiwanda chake ni chumba kimoja nyuma ya banda la kuku. "Mbukwenyi!" akatuamkia kwa Kigogo, tukakaribishwa kama tulioitwa. Ndani kuna simtanki nne zimezungushiwa magunia mabichi. Shemeji akauliza ya nini. Mzee akasema mchuzi wa zabibu ukianza kuchachuka unajipasha moto wenyewe, na jua letu likiongezea, ile harufu ya tunda inapotea yote. Kwa hiyo mjukuu anamwagia magunia maji mchana kutwa.

Tukaonja divai nyekundu kavu, isiyo na utamu, ya Makutupora kwenye vikombe vya bati. Inakaza ulimi. Ila alipoletwa mbuzi wa kuchoma, ikakaa mahali pake. Shemeji mdogo hanywi kilevi, alipewa bakuli la zabibu na akaeleweka vizuri tu. Na nyie mwageni yenu.

Bintimlole
Naunga mkono. Ile ya magunia nimeiona Veyula kwa macho yangu.

Msafiri77
Mkuu, bila kuvunjiana heshima, mvinyo wa kwenye tangi la maji ni mvinyo? Mimi nimefika Stellenbosch, Afrika Kusini. Kule kuna vibao kila kona, unaonja glasi tano umekaa, unaelezwa udongo na mwaka. Sisi tunaitana kwenda kuonja nyuma ya banda la kuku.

Mpogoaji
Msafiri77, hao Stellenbosch njia yao ya mvinyo, ile ya kuwatembeza wageni kiwanda hadi kiwanda, waliianzisha mwaka 1971, si jana. Na kama kule ulionja nyeupe, huenda ilikuwa ya zabibu aina ya Chenin Blanc. Wao wanaiita pia Steen, nasi tunayo hapa hapa. Tangi la plastiki si dhambi, uchafu ndiyo dhambi. Mimi napogoa mashamba ya watu tangu nimalize darasa la saba. Kwao mzabibu unalala baridi yote, wanavuna mara moja. Hapa ukipogoa leo, kama miezi minne mbele unavuna. Ndiyo maana tuna misimu miwili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Nendeni Agosti. Zabibu ya masika inashiba maji na ukungu unaisumbua, ya kiangazi ndiyo ina sukari.

Msafiri77
Sijakataa zabibu yetu. Nasema mgeni anataka kujua anakwenda wapi.

Mpogoaji
Hapo tupo pamoja.

Mjukuu wa Hombolo
Nilikuwa napita tu, lakini huyu aliyesema harufu ya tunda kanigusa. Kwetu Hombolo baba ana ekari moja na nusu. Mwaka ule sitaki hata kuutaja. Tulikuwa na mnunuzi, kiwanda, jina sitataja, na siku ya kuvuna alitupangia yeye mwenyewe. Mnajua zabibu si embe. Embe unalichuma bichi linaivia ndani, zabibu ukishaikata haiivi tena, inaanza kufa. Tukaamka saa kumi usiku mama, wadogo zangu, majirani, tukakata vichala hadi saa nne asubuhi, kreti zikapangwa chini ya mwembe. Gari halikuja. Tukapiga simu, tukaambiwa matangi yamejaa, subirini kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Nyuki wamefika, kreti za chini zinachuruzika, na vibarua wamekaa kwenye gogo wanamtazama baba usoni wakisubiri ujira.

Baba hajawahi kulia mbele yetu. Siku ile aliingia ndani akafunga mlango, na sisi tukabaki nje tunasikia.

Mama ndiye aliyesema tusizitupe. Akaazima simtanki mbili kwa mwalimu mmoja aliyewahi kusomea usindikaji. Tukachambua zilizooza usiku kucha kwa tochi za simu, tukatoa vikonyo kwa mkono, tukaponda. Maganda tuliyaacha humo na mchuzi wake, maana rangi ya nyekundu inatoka kwenye ganda, tukawa tunayazamisha kwa mti asubuhi, mchana na jioni. Tulipata tangi moja zuri na moja lililogeuka siki. Lile moja zuri ndilo lililolipa vibarua na ada ya mdogo wangu.

Kwa hiyo mkifika kwa familia kama yetu, nunueni hata chupa moja. Mkitaka kupiga picha kwanza, pigeni. Lakini nunueni.

Mkazi wa Nzuguni
Pole sana dada. Nimesoma mara mbili. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Bintimlole
Pole mno. Baba yangu mdogo aling'oa mizabibu yote akapanda alizeti kwa sababu hiyo hiyo.

Fundi Chamwino
Huyo dada kataja kuzamisha maganda, nikashtuka. Wakuu, mkienda na watoto kwenye viwanda vidogo, sikilizeni hili.

Binamu yangu ana kisima cha zege cha kuchachushia, mdomo uko usawa wa sakafu, kina kinamzidi mtu. Walishatoa mchuzi, yakabaki maganda chini. Mdogo wangu wa mwisho, kijana mwenye nguvu zake, akaruka ndani na koleo kusaidia. Akachota mara mbili. Ya tatu koleo likamponyoka, akapiga magoti kama anayesali, akalala. Hakupiga hata kelele. Nilishavua viatu nimfuate, mke wa binamu akanikumbatia kwa nyuma akapiga yowe, "Usishuke! Mtakuwa wawili!" Alikuwa na mti wa ndoano wa kuvutia maganda, tukauingiza kwenye mkanda wa suruali yake, tukavuta watu wanne. Alikuwa na rangi ya majivu. Tulimfikisha hospitali, akapona, leo ana watoto wawili. Lakini mimi mpaka leo sauti ya koleo kwenye zege inaniamsha usiku.

Mchuzi ukichachuka unatoa hewa ya ukaa, nayo ni nzito, inakaa chini. Haionekani.

Bintimlole
Mungu wangu!

Kaka wa Noah
Nywele zimesimama. Sisi tulipitisha watoto pale pale pembeni ya matangi, hakuna aliyetuambia.

Mama Kondoa
Shusheni mshumaa kwanza. Ukizimika, hewa mbaya ipo.

Fundi Chamwino
Mama yangu, kwa heshima zote, mshumaa usiuamini. Unaweza kuendelea kuwaka huku mtu kichwa kinaanza kuzunguka. Dawa ni kutoingia. Maganda yavutwe ukiwa juu, milango na madirisha wazi.

Mama Kondoa
Nimekuelewa mwanangu. Marehemu mume wangu alitumia mshumaa miaka yote, Mungu alimlinda.

Msafiri77
Nimesoma kuanzia juu. Mjukuu wa Hombolo, nisamehe kama maneno yangu ya banda la kuku yamekugusa. Nipo Dar. Treni ya umeme inafika Dodoma asubuhi, nataka kuja Agosti na mke wangu. Nipange vipi?

Kaka wa Noah
Kodi gari lenye dereva asiyeonja. Siku ya kwanza barabara ya Iringa, siku ya pili Makutupora upande wa Arusha, uulize kama kituo cha utafiti wa zabibu kinapokea wageni. Siku ya tatu Hombolo, upite na bwawani.

Mpogoaji
Siku tatu nyingi, mbili zinatosha. Ila usiache Chinangali, uone shamba lililopangwa mistari mpaka macho yanachoka. Na kuleni kwanza. Ugali wa uwele na mlenda, ndipo muonje.

Mama Kondoa
Mlenda na mvinyo? Hapana jamani. Mbuzi.

Mjukuu wa Hombolo
Msafiri77, yameisha kaka. Njooni wiki ya tatu ya Agosti, baba anavuna. Ukifika Hombolo sokoni ulizia nyumba yenye mwembe mkubwa na kreti za bluu. Mje mapema, saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapasha vichala. Mkasi wa mke wako nitauandaa.