Naombeni ushauri: viatu na vifaa vya kukimbia Lushoto hadi Mtae

Mleta uzi
Habari zenu wakuu. Tuko wanne, tumepanga mwezi Juni tukimbie Lushoto hadi Mtae, kwenye milima ya Usambara, kwa siku moja, tukipita Magamba na Lukozi, tukikwepa barabara ya magari kila panapowezekana. Tunaondoka saa kumi alfajiri. Mimi nimezoea lami ya Tanga mjini, kilomita 21 namaliza vizuri tu. Ila nilipopanda Irente, hapo karibu na Lushoto, mvua ikiwa imetoka kunyesha, niliteleza nikaanguka mara tatu kwenye ule udongo mwekundu, na wakati wa kushuka kucha mbili za vidole gumba zikawa nyeusi. Nina 300,000. Nianze na nini? Kuna jamaa ananiuzia viatu visivyopitisha maji, anasema hivyo ndivyo vya mlimani.

Mdau wa Marangu
Pole sana kaka. Kucha zile zimekwambia kiatu ni kifupi, maana ukishuka mguu unasogea mbele na vidole vinagonga. Pima kiatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazokimbilia. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha kamba uzipitishe hadi tundu la juu kabisa ili kisigino kisicheze.

Hivyo vya kuzuia maji usinunue. Ukikanyaga kijito, maji yanaingia kwa juu na hayana pa kutokea, unabeba ndoo mguuni hadi Mtae. Tafuta cha kitambaa cha wavu. Kitalowa, lakini kinajikamua chenyewe ukiendelea kukimbia. Meno ya soli yawe kama milimita 5 na yaachane. Yakisongamana, tope linajaa katikati na soli inakuwa laini kama sahani.

Dada wa Moshi
Kwa bajeti hiyo ingia mtumba. Changu nilikipata soko la Memorial hapa Moshi kwa 55,000 na mwaka wa pili huu nakivaa. Ila usidanganywe na meno mazima! Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole: ikiwa ngumu na ina mikunjo mingi, imekufa, itakuumiza magoti. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma; kikiegemea upande mmoja, mwenzako amekilemaza. Halafu vuta soli pale mbele kwa nguvu. Gundi iliyokaa miaka stoo inaachia ukiwa katikati ya msitu.

Soksi za pamba acha nyumbani, zinashika jasho na kuleta malengelenge. Paka mafuta ya mgando vidoleni na mapajani kabla hujatoka.

Mkimbiaji wa Arusha
Naongezea usalama. Juni Usambara ni baridi, na ukilowa ukiwa umechoka mwili unapoa haraka mno. Koti la mvua liwe na kofia, na mishono iwe imezibwa kwa utepe ndani. Lijaribu bafuni chini ya maji dakika kumi. Tochi ya kichwani na betri za akiba, filimbi, simu kwenye mfuko wa nailoni. Tafadhali msiviache hata kama mko wanne.

Mleta uzi
Asanteni sana. Maji je? Mkoba maalumu wa kukimbilia bei yake imenishinda.

Dada wa Moshi
Mkoba mdogo wowote wenye mkanda wa kifuani, usioruka mgongoni, na chupa mbili za plastiki. Lita moja na nusu inatosha, maadamu mnajaza vijijini. Beba na pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) kutoka duka la dawa, pamoja na viazi vya kuchemsha vyenye chumvi. Usinywe maji matupu kutwa nzima huku unatoka jasho, chumvi ya damu inashuka na hiyo ni hatari kweli.

Mdau wa Marangu
Na kiatu kinunue mapema. Kikimbilie kilomita 60 hivi kabla ya siku yenyewe, na mojawapo ya hizo safari iwe siku ya mvua, ukiwa na mkoba umejaa.

Mleta uzi
Nimeelewa. Jamaa nimeshamwambia hapana. Jumamosi naenda Memorial, nikipata nitaweka picha za soli hapa mnikagulie kabla sijalipa.