Naomba ushauri: tunahamia Kampala, tukae upande gani?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mwezi ujao nahama Bukoba na mke wangu na watoto watatu. Kazi nimepata Nakawa. Rafiki yangu ananivutia Bwaise, kodi nafuu. Lakini siku niliyolala kwake mvua ilinyesha, maji yakaingia mpaka sebuleni, tukapandisha magodoro juu ya meza. Kitindamimba wangu ana pumu, siwezi kumlaza kwenye unyevu ule. Nafikiria Kireka au Bweyogerere, ila foleni ya Barabara ya Jinja asubuhi naiogopa. Mnaoishi huko, taksi (daladala za kwetu) mnapanda saa ngapi? Kodi mnalipa miezi mingapi kwa mkupuo? Na watoto wanaojua Kiswahili na Kihaya tu, shule gani itawapokea vizuri?