Naomba ushauri: VS Code au Android Studio kwa mashine ya RAM 4GB?

Habari zenu wakuu, naombeni mnisaidie maana hapa nimekwama kweli. Najifunza kutengeneza app za Android kwa lugha ya Kotlin, kompyuta yangu ina RAM 4GB na hadidiski ya kizamani sio SSD (ile diski ya kisasa yenye kasi), sasa Android Studio, programu ya Google ya kutengenezea app, wenyewe wanataka angalau 8GB na hapo bado hujawasha emyuleta (simu ya bandia ndani ya kompyuta), kwa hiyo nikifungua projekti nasubiri dakika kibao, nikisema nifungue na brauza nisome maelekezo ndo mashine inaganda kabisa.

VS Code, programu nyepesi ya kuandikia kodi, inafunguka fasta, nimeitumia kwa HTML na Python bila shida. Ila kwa Kotlin nakosa kitu muhimu, ile kuona muonekano wa skrini papo hapo wakati unaandika kodi. Halafu hata nikihamia huko, Gradle (zana inayogeuza kodi kuwa app) si bado ndo itajenga app na yenyewe inakula RAM vilevile, sasa sijui hapo naokoa nini.

Nimewaza nibaki na Android Studio ila niachane na emyuleta, nijaribishe kwenye simu yangu kwa waya wa USB. Au niongeze RAM kwanza, au SSD? Hela iliyopo inatosha kimoja tu.

Aliyeanza na mashine ndogo kama hii alifanyaje? App yenyewe ni ya duka la mama, anaandika madeni kwenye daftari na mengine yanapotea, nataka nimmalizie kabla ya Desemba.