Ulinganisho: CBR600RR, Ninja 250R au R15 V3 iliyotumika, ipi inafaa Tanga?

Mwana wa Mikanjuni

Habari za jioni wakuu. Hela yangu nimeiweka miaka miwili, kidogo kidogo, sasa imefika milioni 9 na nataka pikipiki ya spoti iliyotumika. Naishi Mikanjuni, kazi yangu iko Pongwe, na kila mwisho wa mwezi napanda Lushoto kumwona mama. Boxer nimeiendesha miaka sita, kwa hiyo barabarani si mgeni, ila spoti sijawahi kumiliki.

Nimepata tatu:

1. Honda CBR600RR. Iko Dar, muuzaji anasema ni ya 2005 na imetembea 19,000. Anataka milioni 9 kamili.
2. Kawasaki Ninja 250R ya 2010. Iko hapa Raskazone kwa mzee mmoja, imekaa karibu mwaka bila kutembea. Milioni 6.2.
3. Yamaha R15 V3 ya 2019. Iko kwa dalali Ngamiani, inang'aa kama mpya. Milioni 7.

Moyo uko kwenye Honda, sifichi. Ila hela hii sina nyingine nyuma yake, ndiyo maana nauliza kabla ya kwenda. Nani amewahi kukaa na mojawapo?

Mpenda Silinda Nne

Karibu kwenye raha mkuu. CBR600RR ninayo mwaka wa nne. Ni silinda nne, 599cc, nguvu za farasi zaidi ya 100. Mbele ina diski mbili za milimita 310, breki ukiigusa kwa vidole viwili inatosha. Injini ya Honda ukiitunza kwa oili na maji haikusumbui, na kwenye mwendo wa 100 hata haijaamka. Kwa uzoefu wangu, ukipata iliyo nzima, hizo mbili nyingine haziikaribii.

Neno "nzima" ulitilie mkazo. Nilizunguka miezi saba kabla ya kuipata yangu.

Fundi wa Makorora

Mdogo wangu, nimesoma ulivyoandika nikaona nikujibu kwa urefu, maana pikipiki za namna hii naletewa kila mwezi, na nyingi huletwa na watu waliokwisha lipa.

Nianze na hiyo Honda. CBR600RR ilianza kutoka 2003. Mwaka 2005 shokapu za mbele zilibadilishwa zikawa za kupindua: bomba nene liko juu kwenye shingo, jembamba linalong'aa liko chini karibu na tairi. Ukifika ukakuta bomba linalong'aa liko juu, basi hiyo si ya 2005 hata kidogo, ni ya 2003 au 2004, na anayekuuzia hajui au anajua. Pili, washa swichi usome dashibodi. Zilizotoka Uingereza zinasoma maili. 19,000 ikiwa ni maili, hiyo imetembea kama kilomita 30,500. Injini hiyo bado ina maisha, lakini bei si ileile.

Sasa ajali. Usitazame kava, kava zinapakwa rangi siku moja. Chuchumaa mbele, pindisha usukani mpaka mwisho kushoto kisha kulia, utazame vile vituo vya chuma vinavyozuia usukani usipitilize. Kikiwa kimebonyea au kimechomelewa, pikipiki ilianguka kwa nguvu na fremu ilipata kishindo. Angalia pia ncha za mishikio, ncha za kukanyagia na mfuniko wa injini upande wa klachi. Mikwaruzo mitatu kwenye mstari mmoja ni hadithi moja.

Halafu gia ya pili. Spoti iliyochezewa michezo ya kunyanyua tairi huwa inakufa gia ya pili. Ukiwa umeruhusiwa kuijaribu, weka ya pili, vuta ekseli kwa nguvu kutoka mwendo mdogo. Ikiruka ikarudi huru, rudisha funguo uage. Hapo injini inapasuliwa nusu mbili ndiyo ufikie gia, na spea yake Tanga hii huipati.

Umeme nao. Honda nyingi za aina hiyo udhaifu wake ni rektifaya, kile kifaa kinachorekebisha umeme unaochaji betri. Nenda na mita ya kupimia volti. Injini ikiwa imezimwa betri isome kama volti 12.6, ukiwasha na kupandisha mizunguko ya injini mpaka 5,000 kwa dakika isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, haichaji. Ikipita 15, inaichemsha betri na taa zitakufa moja moja. Na hapa kwetu pwani chumvi inakula viunganishi vya waya kimyakimya, vuta plagi moja ya waya uone kama kuna unga wa kijani.

Hayo ni ya Honda lakini mengi yanafaa kwa zote tatu.

Kama ni mimi, kwa safari zako, ningechukua R15. Silinda moja 155cc, inapozwa kwa maji, gia sita, uzito kama kilo 140. Chini ina nafasi milimita 170, matuta ya kwetu inayapita. Honda itakuwa inakwangua tumbo.

Dada wa Chumbageni

Shikamoo fundi, umesema kweli tupu.

Mimi nina Ninja 250R, ya 2009, na naona watu wanaipita haraka. Kaka, mimi ni mfupi, lakini miguu yote inafika chini kwa sababu kiti kiko chini kuliko cha hizo nyingine. Ina silinda mbili, 249cc. Kutoka Mombo kupanda Lushoto kwenye zile kona ndipo utaipenda: unaiweka gia ya tatu, haikustui kwa nguvu usiyoitaka, haikufii mlimani. Nikiwa na abiria pia inapanda.

Ubaya wake ni kabureta. Nyingi za miaka hiyo zina kabureta mbili, na hiyo yako imekaa mwaka mzima. Petroli ikikaa inageuka kama gundi, inaziba jeti ndogo, vile vitundu vya kupitisha petroli. Dalili yake: inawaka ukivuta choki, ukiirudisha choki inazima. Yangu ilifanya hivyo nikadhani injini imekufa, kumbe ni kusafishwa tu. Mzee akikuambia "inataka kusafishwa kabureta tu" inawezekana anasema kweli.

Mpenda Silinda Nne

Fundi, nakubali kuhusu matuta, nimeshakwangua bomba la moshi mara mbili pale Muheza. Na bomba la CBR linapita chini ya kiti, mchana wa Januari kwenye foleni mapaja yanaungua. Haya niyaseme ili ndugu yetu asije akanilaumu.

Kaka wa Horohoro

Mnazungumza chuma, mimi nizungumze karatasi.

Mwambie kila muuzaji akutumie picha ya kadi kabla hujapoteza nauli. Jina lililo kwenye kadi liwe la huyo anayepokea hela yako, na kitambulisho chake ukione. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, isome wewe mwenyewe herufi kwa herufi, ulinganishe na kadi. Ikiwa imepakwa rangi nzito au imesagwa, ondoka, hata iwe bei ya kutupa. Namba ya injini vilevile. Kisha ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi uone madeni ya faini, maana ukinunua na deni linakufuata.

Kubadilisha umiliki kunafanyika TRA: kadi halisi, mkataba wa mauzo, TIN zenu wote wawili. Mwende pamoja siku hiyohiyo. Usikubali maneno ya "nitakuja wiki ijayo kusaini".

Huku mpakani tunaona pia spoti nzuri zenye namba za Kenya, zile zinazoanza na KM, zinauzwa rahisi. Ni rahisi kwa sababu ushuru haujalipwa. Usiiguse.

Na leseni yako iangalie. Ukiwa na A1 tu, hiyo ni ya pikipiki ndogo zisizozidi 125cc. Hizo zote tatu zinataka daraja A.

Mwana wa Mikanjuni

Asanteni sana, sikutarajia majibu mazito hivi. Leseni ni A, hapo niko sawa. Fundi, na tairi? Nimesikia za Honda ni shida.

Fundi wa Makorora

Honda nyuma inavaa 180/55 inchi 17. Hapa mjini hulikuti, unaagiza Dar na unalipa kama la gari. Ninja nyuma ni 130/70 inchi 17, R15 V3 ni 140/70 inchi 17, hizo kwa kuagiza unazipata bila jasho. Lakini usije ukafunga la bodaboda 3.00 kwa kubana matumizi. Rimu ni pana, tairi litakaa vibaya na kwenye kona litakumwaga.

Umri wa tairi usome ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT kuna namba nne. 2311 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2011. Meno yanaweza kuwa yote yapo lakini mpira umekuwa mgumu kama ubao, kwenye mvua haushiki.

Cheni: ishike pale nyuma kabisa kwenye sproketi, ivute kuja kwako. Ikiachana na jino mpaka ukaona nusu ya jino, imekwisha. Meno yakiwa yamelala kama pezi la papa, nunua seti nzima, cheni na sproketi zote mbili.

Kubwa kuliko yote, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, alikuwa anaficha jinsi inavyowaka asubuhi.

Mwalimu wa Pongwe

Naomba niongeze moja dogo, nami napita barabara hiyohiyo kila siku. Honda 600 gia ya kwanza pekee inaweza kupita 100 kwa saa. Sisi kwenye makazi mwisho ni 50, na tochi ya trafiki haijifichi mbali. Gia tano zilizobaki utazitumia wapi, ndugu yangu? R15 yangu inanipa kama kilomita 40 kwa lita, na kila siku naifurahia yote, gia zote sita.

Mpenda Silinda Nne

Mwalimu, nazitumia Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu. Lakini kwa mtu wa kwenda kazini kila siku nakubaliana nawe. Mimi kazini naenda kwa daladala.

Mwana wa Mikanjuni

Wakuu, narudi na mrejesho. Nimezunguka wiki nzima.

Honda: nilikwenda Dar Jumamosi. Bomba linalong'aa liko juu. Nilisimama pale nikaangalia mara mbili, nikakumbuka maneno ya fundi. Dashibodi inasoma maili. Nilipopindisha usukani, kituo cha kushoto kimebonyea na rangi yake ni mpya kuliko ya fremu. Nilimshukuru muuzaji, nikapanda basi. Njia nzima mpaka Segera sikuzungumza na mtu. Niliipenda ile pikipiki.

R15: chuma kizuri kweli, inawaka kwa mguso mmoja, cheni mpya, shokapu kavu, moshi hakuna. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu hela. Kadi ina jina la mtu wa tatu, dalali anasema yuko Mwanza na simu yake haipatikani. Nikaomba tusubiri apatikane, dalali akasema kuna mteja mwingine anakuja jioni. Nikamwambia amuuzie.

Ninja: nilifika kwa mzee saa moja asubuhi. Injini ya baridi. Alikuwa ameifunika kwa shuka, juu ya mbao ili tairi zisiguse sakafu. Ikawaka na choki, ikazima choki iliporudishwa, vilevile kama alivyosema dada. Tairi zote mbili ni za 2010, ngumu. Kutu ipo kwenye bolti za kukanyagia na kwenye stendi, maana nyumba yake bahari unaiona dirishani. Fremu safi, vituo vya usukani vizima, namba ya chesisi inasomeka yote na inalingana na kadi, na kadi ina jina lake tangu siku ya kwanza. Alinitolea daftari alilokuwa anaandika kila alipobadili oili. Nilimweleza kuhusu tairi na kabureta, bila kubishana akashusha mpaka milioni 5.4.

Jumatatu saa mbili tunakutana TRA. Dada wa Chumbageni, Mombo nitakutafuta. Fundi, ikishakuwa yangu nikuletee lini?

Dada wa Chumbageni

Hongera kaka! Mzee wa daftari la oili nadra sana kumpata. Msalimie mama Lushoto.

Fundi wa Makorora

Hongera mdogo wangu. Njoo nayo Jumanne asubuhi, ila usije unaiendesha kwa tairi hizo, ipakie kwenye Kirikuu. Petroli iliyomo kwenye tenki usiimwage, iache niione rangi yake kwanza, itanionyesha kabureta imeziba kiasi gani. Tairi niagizie Dar leo hii: mbele 110/70, nyuma 130/70, na usome namba nne kabla hujalipa.