Forodhani usiku: tule nini, tuepuke nini?

Mgeni_wa_Bara: Habari zenu wakuu. Tunafika Mji Mkongwe, Unguja, watu wanne kwa usiku mmoja. Tunataka samaki na urojo bila kuumwa tumbo. Tuanzie wapi?

Mtoto_wa_Shangani: Karibuni sana. Fikeni Forodhani, ile bustani ya ufukweni yenye soko la vyakula usiku, jua linapozama, makaa yakiwa mapya. Wageni wengi hukosea kwenye mishikaki ya pweza na kamba iliyopangwa mezani: mingi imeshapikwa mapema, ikirudishwa motoni hupata joto nje tu, ndani baridi, na pweza anakuwa mgumu kama mpira. Chagueni samaki mzima, jicho angavu, mashavu mekundu ndani, kisha simameni hapo hapo mpaka aive. Na bei iulizwe kwa kila kijiti kabla sahani haijajazwa! Ugomvi wote huanzia hapo.

BiUrojo: Urojo wenyewe ni rojo ya unga wa ngano na embe mbichi, wa manjano, wenye ukali wa kupendeza. Ziingie kwanza bajia, kachori, viazi na mshikaki, rojo imwagwe ikiwa moto, chipsi za muhogo zije mwisho zisilowe. Pilipili waambieni waweke pembeni. Juisi ya miwa iwe na ndimu na tangawizi, barafu acheni.

Mtoto_wa_Shangani: Kweli, dada. Mchana nendeni mkahawa wa Lukmaan, mtaa wa Mkunazini. Chakula unakiona kabla ya kuagiza. Ila ikiwa Ramadhani, mikahawa mingi hufungwa mpaka magharibi.