SMSF au tubaki mfuko mkubwa? Hesabu zetu hizi hapa, tusaidieni

Binti_Pangani (Perth)

Habarini ndugu zangu. Mimi na mume wangu tuna super (akiba ya uzeeni ya hapa Australia) ya dola 310,000, ukijumlisha mifuko yetu miwili, yote ile mikubwa ya watu wengi. Kuna mhasibu anatushauri tuhamishe zote tufungue SMSF, mfuko wa kujisimamia wenyewe. Anasema tutaachana na ada za asilimia na tutawekeza tunapotaka.

Bei aliyotupa: dola 2,000 hivi mara moja kufungua mfuko na kusajili kampuni itakayokuwa mdhamini (msimamizi wa kisheria wa mali ya mfuko), halafu 3,200 kila mwaka kwa vitabu, ritani ya kodi na ukaguzi. Mifuko yetu ya sasa inatukata kama 2,300 kwa mwaka, kila kitu ndani.

Mume wangu ameshavutiwa. Mimi roho inasita. Na jambo jingine, tunafikiria kurudi Tanga baada ya miaka minne au mitano. Waliopita njia hii wanasemaje?

Mwana_wa_Lamu (Melbourne)

Dada, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kusaini. Kwanza ongeza alivyoviacha mhasibu. Tozo ya ATO, mamlaka ya kodi, ni dola 259 kwa mwaka, na mfuko mpya unalipa ya miaka miwili kwa mpigo, 518. Kampuni ya udhamini nayo inalipa ASIC, wasimamizi wa makampuni, ada ya kila mwaka, sitini na kitu ikiwa kazi yake ni kusimamia mfuko tu. Hapo uko kama 3,520, ambayo kwa salio lenu ni asilimia 1.1 na kidogo. Mnakolipa sasa ni kama 0.74. Hiyo asilimia anayosema mtaikimbia, mnaenda kulipa kubwa zaidi.

Tofauti iko hapa: gharama za SMSF nyingi hazipandi na salio. 3,520 hiyohiyo kwa mtu mwenye 600,000 ni chini ya asilimia 0.6. Kwa hiyo swali si aina gani ya mfuko ni rahisi, ni rahisi kwa salio gani. Mwaka 2019 ASIC walitoa onyo kwamba kuendesha SMSF kunagharimu wastani wa dola 13,900 na zaidi ya saa 100 kwa mwaka. Watu wa sekta walipinga, kwa sababu wastani huo unavutwa juu na mifuko mikubwa yenye mikopo na bima. Utafiti wa 2020 wa Rice Warner, kampuni ya washauri wa mambo ya super, ulisema kuanzia 200,000 mfuko unaweza kushindana kwa gharama, na kuanzia 500,000 mara nyingi ndio nafuu. Ninyi mko katikati, na bei mliyopewa haiwasaidii.

Mwulize pia: ada za kununua na kuuza hisa zimo? Kufunga mfuko ni kiasi gani? Watu hawaulizi bei ya kutoka. Kuna ukaguzi wa mwisho, ritani ya mwisho, kuiondoa kampuni kwenye daftari, na kodi ya faida kwa mali mtakazolazimika kuuza.

KakaMvita (Sydney)

Mimi nina SMSF na siijutii, kwa hiyo nami nisikike. Tuko ndugu watatu, salio letu kama 780,000. Tangu Julai 2021 mfuko unaruhusiwa wanachama hadi sita, sisi tunagawana gharama watatu. Tunalipa 2,900 kwa mhasibu, mkaguzi akiwa humo.

Lakini muda ni gharama isiyoonekana kwenye ankara. Kila robo mwaka natumia Jumamosi mbili kupanga risiti, taarifa za benki na mihtasari ya vikao. Mkaguzi akiomba karatasi, ni mimi ninayetafuta. Ukichelewa zaidi ya wiki mbili kupeleka ritani, ATO wanaondoa hadhi ya mfuko kwenye orodha yao na mwajiri hawezi tena kuingiza mchango humo.

Kwa kampuni ya udhamini, mhasibu wenu yuko sahihi. Mkiwa wadhamini kama watu binafsi, kosa kubwa kama kumkopesha mwanachama au ndugu linaweza kuleta faini inayopita dola 19,000, na kila mdhamini anatozwa ya kwake. Kampuni inatozwa moja. Vyovyote vile, faini inatoka mfukoni mwenu, si kwenye akiba.

Mama_Zawadi (Adelaide)

Mwanangu, tahadhari na nyumba. Tulishawishiwa kununua fleti kwa mkopo kupitia SMSF. Riba ilikuwa juu kuliko ya mkopo wa kawaida, benki ikataka mdhamini wa pili wa kuishikilia nyumba, mwanasheria naye akalipwa kwa hilo. Hayo tulijua. Tusilolijua ni kwamba mwaka wa tatu jengo lingehitaji paa jipya na kila mwenye fleti achangie. Mfuko haukuwa na fedha taslimu. Nikataka kulipa kwa mshahara wangu, nikaambiwa kila senti ninayoingiza ni mchango wenye kikomo (mwaka wa fedha 2024/25 ilikuwa 30,000 kwa michango ya kabla ya kodi). Tulifanikiwa kwa taabu sana.

Na msihamishe zote. Mkifunga akaunti za zamani, bima ya kifo na ya ulemavu iliyo ndani inakufa siku hiyohiyo. Mume wangu alikuwa ameshapata kisukari wakati tunaomba mpya. Bei tuliyopewa nililia.

Mwana_wa_Lamu (Melbourne)

Pole sana mama. Binti, zingatia hilo. Mnaweza kuacha salio dogo huko kwa ajili ya bima, ila mwandikie mfuko kwamba mnaitaka iendelee, la sivyo inakatwa baada ya miezi 16 bila mchango.

Ustadh_Morogoro (Brisbane)

Nimesoma yote, na naona jibu lake liko kwenye mstari wake wa mwisho: wanataka kurudi Tanga.

SMSF lazima uamuzi wake wa juu ufanyike Australia kwa kawaida. Mkiwa nje kwa muda, sheria inavumilia hadi miaka miwili. Mkihamia moja kwa moja mkaendelea kusimamia mfuko kutoka Tanga, unaweza kupoteza hadhi yake ya kupata nafuu ya kodi, na mfuko usio na hadhi hiyo unatozwa asilimia 45, si kwa faida ya mwaka huo tu, ni karibu kwa mali yote iliyomo. Na mkiendelea kuchangia mkiwa nje kuna kipimo kingine cha wanachama wanaochangia ambacho wawili wenu mtakifeli. Inawezekana kumpa mtu aliyebaki huku mamlaka ya kisheria akae kama mkurugenzi badala yenu, lakini ni nani huyo, na mtamlipa nini?

Mfuko mkubwa hauna shida hiyo. Fedha zinabaki, mnarudi nyumbani, mnasubiri mfike umri wa miaka 60.

Na kama mume anawaza kununua kiwanja Tanzania kupitia mfuko, sahau. Mali lazima iwe kwa jina la mdhamini, ambaye ni kampuni ya kigeni, na ardhi ya Tanzania hapewi asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Hata ingewezekana, hamwezi kulala humo wala kumweka ndugu.

Binti_Pangani (Perth)

Nimemsomea mume wangu yote. La kiwanja ndilo lililomnyamazisha, maana ndilo alilokuwa nalo moyoni. Anauliza, kama anataka tu kuchagua hisa mwenyewe?

KakaMvita (Sydney)

Mifuko mikubwa kadhaa ina chaguo la mwanachama kununua hisa na amana za muda mwenyewe, ada yake ni dola mia na kitu hadi mia chache kwa mwaka. Ulizeni kwenye mifuko yenu miwili kabla ya kuunganisha, na unganisheni kwenye ule wenye bima nzuri zaidi.